Mavazi ya kale yafichua siri za jamii za Pwani

WAGENI wanaozuru makavazi ya Pwani ya Afrika Mashariki huvutiwa kwanza na milango ya nakshi, siwa na vyombo vya kauri. Mavazi hutazamwa baadaye, pengine kwa kupita tu. Hata hivyo, ni vifaa vichache vinavyoeleza kwa uwazi kama nguo nani alikuwa mwungwana, nani alikuwa mtumwa na jinsi mpaka huo ulivyokuja kuvunjwa.

Nguo ni mali isiyodumu. Joto, unyevu wa bahari na wadudu huiharibu upesi. Waakiolojia waliochimbua magofu ya Kilwa na ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, walipata vigurudumu vya udongo vilivyotumiwa kusokotea nyuzi. Vigurudumu hivyo ni ushahidi kwamba wenyeji walijitengenezea nguo karne nyingi zilizopita, ingawa nguo zenyewe zilioza.

Maandishi ya wasafiri huziba sehemu ya pengo hilo. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka wa 1331, alieleza jinsi alivyoletewa mavazi ya heshima: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, vazi la kitani kutoka Misri, joho na kilemba kilichotarizwa. Kwa mujibu wa maelezo yake, mji huo nao ulifuma nguo zilizouzwa hadi Misri.

Habari huwa nyingi zaidi kuanzia karne ya 19. Wakati huo, katika miji kama Lamu, Mombasa na Unguja, vazi lilikuwa kama cheti cha hadhi. Mwungwana alivaa kanzu, kofia iliyoshonwa kwa mkono na, siku za sherehe, kilemba, joho na jambia. Mtumwa alijifunga kipande cha kitambaa cha bei nafuu. Hakutarajiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana wake.

Kitambaa hicho aghalabu kilikuwa merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi. Jina lake lilitokana na Marekani, kwa kuwa kililetwa na wafanyabiashara wa bandari ya Salem, jimbo la Massachusetts. Marekani na Sultani Seyyid Said walitia saini mkataba wa biashara mwaka wa 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo, kati ya 1861 na 1865, viliivuruga biashara hiyo, na viwanda vya nchi nyingine, hasa India, vikapata nafasi. Jina la merikani halikubadilika. Merikani ikitiwa rangi ya nili iliyokoza, iliitwa kaniki, na ndiyo iliyovaliwa na wanawake wengi watumwa.

Mfano mwingine ni shiraa ya Lamu. Hili lilikuwa pazia pana la kitambaa lililoinuliwa kwa vijiti na kumzunguka mwanamke wa tabaka la juu alipopita njiani. Wajakazi ndio walioshikilia vijiti hivyo. Kwa hivyo, shiraa haikuwa stara pekee bali pia tangazo kwamba bibi huyo anamiliki watu wa kumbebea.

Amri ya kukomesha hali ya utumwa ilitolewa Zanzibar mwaka wa 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Shiraa ilikosa wabebaji. Mahali pake palichukuliwa na buibui, vazi jeusi ambalo mwanamke yeyote angeweza kulivaa bila kusaidiwa. Waliokuwa wamekatazwa stara ya kiungwana wakaivaa, na barabarani ikawa vigumu kumtambua binti wa bwana na binti wa mjakazi.

Mwimbaji mashuhuri Siti binti Saad aliishi katika mageuzi hayo. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka wa 1880, na jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Baadaye aliitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na mwaka wa 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Kama mavazi, majina nayo yalibadilishwa.

Vazi lililoenea zaidi katika kipindi hicho ni leso, au kanga. Neno leso lina asili ya Kireno, na inasimuliwa kuwa wanawake walinunua vitambaa vya mkononi ambavyo havijakatwa na kuviunganisha sita sita. Jina la kanga linahusishwa na madoa ya leso za awali, yaliyofanana na manyoya ya ndege huyo. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, aliyefahamika kwa jina la Abdulla, lilianzishwa mwaka wa 1887, na alama ya "Mali ya Abdulla" ilienea Afrika Mashariki.

Leso ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Jina huwasaidia watafiti kukadiria umri wake. Leso za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nazo herufi za Kirumi zikafuata. Baadaye zilibeba pia picha za viongozi na maadhimisho ya uhuru. Makavazi ya Uingereza jijini London ni miongoni mwa taasisi za ng'ambo zinazohifadhi leso za Afrika Mashariki.

Hata hivyo, mikusanyo ya nguo ina upungufu wake. Joho la tajiri lilivaliwa mara chache na kutunzwa sandukuni. Kaniki ya mjakazi ilivaliwa kila siku, ikatiwa viraka, ikageuzwa tambara, ikaisha. Ndiyo maana walio wengi katika jamii huwa wachache katika kabati za makavazi. Nguo kuukuu yenye kiraka au doa la jasho yaweza kuwa na thamani kubwa kwa mtafiti kuliko vazi la dhahabu.

Majengo nayo huhitaji kutunzwa. Beit al-Ajaib, jumba la makavazi mjini Zanzibar lililojengwa mwaka wa 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020.

Nguo ya kale haipaswi kuanikwa juani wala kukunjwa mstari ule ule kwa miaka mingi, kwa sababu nyuzi hukatika kwenye kunjo. Huviringishwa na kuwekwa pakavu, mbali na mwanga. Familia iliyo na leso ya nyanya yao yaweza kufanya hivyo nyumbani, na kuandika kando jina la aliyeivaa, mwaka na shughuli aliyoivalia. Bila maandishi hayo, nguo hubaki kitambaa tu.