Mshahara ulipokufa: tulichoachiwa na shida ya feza wakati wa Zaire



Juzi, katika soko moja pembeni ya mji wa Goma, nilimuona mama muuzaji wa ndizi akikataa noti ya franka 500. Noti ilikuwa imechoka, imeshikwa na gundi katikati. Mama akasema: «Hii haitembei.» Mteja hakuwa na nyingine. Mzee mmoja aliyekaa karibu na gunia la makala akatikisa kichwa, akasema: «Hata mwaka wa 1993 tulikataliana hivi hivi.»

Tangu mabenki ya Goma yafunge milango mwisho wa Januari 2025, vijana wengi wananiuliza kama jambo hili limewahi kutokea. Lilitokea, kwa namna nyingine, na inchi yote ililipia. Leo tuliangalie kwa utulivu, kwa sababu mambo mengi tunayoyaona ya kawaida yalizaliwa siku zile.

Feza iliyoitwa zaire ilianza Juni 1967. Zaire moja ilikuwa na bei ya dola mbili za Marekani. Inchi iliishi hasa kwa shaba ya Katanga. Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zipewe Wazaire. Hiyo ndiyo watu waliita «zairianisation». Wengi waliopewa walikuwa watu wa siasa na jamaa zao. Hapa Kivu wazee wanakumbuka maduka yaliyouza mali yote iliyokuwemo, kisha yakabaki na rafu tupu. Mwaka wa 1974 bei ya shaba ikaanguka katika soko la dunia, na serikali ilikuwa imekwisha kukopa sana. Hata waliporudishia wageni mali zao tangu 1976, biashara nyingi zilikuwa zimevunjika.

Kisha likaja pigo la Noeli. Desemba 25, 1979, Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazitumiki tena. Watu walipewa siku chache tu za kubadilisha, tena kwa kiasi kilichopimwa. Mkulima wa mbali aliyeficha feza yake ndani ya chungu, angefika benki saa ngapi? Wengi walipoteza akiba ya miaka. Toka siku hiyo wakajifunza kutoamini noti ya serikali, wakaweka mali yao katika ngombe, mabati, vitenge, na baadaye dola.

Mwaka wa 1983 zaire ilipunguzwa tena bei kwa zaidi ya robo tatu. Serikali, ikifuata masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, ilipunguza matumizi na kufukuza maelfu ya walimu. Mwisho wa 1985 bei ya bati nayo ikaanguka, na kampuni ya Sominki iliyochimba kasiterite Kivu na Maniema ikadhoofika mpaka kufa. Wafanyakazi wake na vijana wa vijijini wakachukua sururu wenyewe. Uchimbaji wa mkono ulikuwa umeruhusiwa na serikali mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mashimo ambayo leo watu wenye silaha wanayapigania, mengi yalifunguliwa na watu waliotafuta chakula tu.

Miaka ya 1990 ilikuwa mibaya kupita yote. Septemba 1991 waaskari wasiolipwa vizuri walianza kupora Kinshasa, raia wakafuata, na uporaji ukafika miji mingine. Januari 1993 waaskari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi, aliyekuwa akivutana na Mobutu, alikuwa ameikataa noti hiyo, na wauzaji wakaikataa pia. Waaskari wakapora tena, na watu wengi wakauawa, hata balozi wa Ufaransa. Oktoba mwaka ule ikaletwa zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai ilikataa mpya, ikaendelea na za zamani, hata inchi moja ikawa na feza mbili. Mwaka wa 1994 bei zilipanda kwa karibu 9,800 kwa mia. Na franka ya sasa ilipoanza Juni 1998, franka moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Ukihesabu, ni bilioni 300 za zaire ile ya zamani.

Hizo ni hesabu. Lakini ndani ya nyumba ilikuwaje?

Jambo la kwanza: mshahara ulikufa, lakini kazi haikufa. Karani alibaki ofisini, mwaskari alibaki barabarani, mwalimu alibaki darasani. Serikali haikuwalisha tena, basi wakalishwa na raia. «Matabishi» ikawa mshahara. Msemo wa waaskari kwamba raia ni shamba lao ulienea inchi nzima. Sisi tuliopita kwenye vizuizi vya barabara tukiwa na godoro kichwani tunalijua shamba hilo, kwa sababu tumevunwa.

Jambo la pili: akina mama wakabeba nyumba. Baba aliamka asubuhi, akavaa koti, akaenda kazini isiyolipa. Mama akaenda sokoni na unga, mafuta ya mawese, sambaza, makala. Walisaidiana kwa likelemba, kila mmoja akitoa kidogo, na mmoja akichukua zote kwa zamu. Lakini kanuni ya familia ya 1987 iliendelea kumtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya mkataba. Aliyelisha nyumba alihesabiwa kama mtoto mbele ya sheria. Sharti hilo liliondolewa 2016 tu.

Jambo la tatu ndilo ninalotaka tulishike sana: shule. Walimu waligoma, na mwaka wa masomo 1991-1992 ukawa mwaka mweupe, mwaka usiohesabiwa. Ili milango ifunguliwe, wazazi walikubaliana na wasimamizi wa shule, Kanisa Katoliki likiwa mbele, walipe «prime» ya mwalimu. Ilikuwa msaada wa muda, mpaka serikali ipone. Muda huo ulidumu zaidi ya miaka 25. Katiba ya 2006, kifungo cha 43, ilisema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure. Wazazi wakaendelea kulipa. Kwa nyumba iliyokosa, mara nyingi binti ndiye alirudishwa nyumbani kwanza. Ni Septemba 2019 tu serikali ilipoanza kuondoa malipo hayo katika shule za msingi za serikali.

Tusiwalaumu wazazi wale. Waliokoa watoto wao, na walimu walipata unga wa jioni. Lakini tuone kilichotokea: mzigo wa serikali ulishushwa kichwani kwa raia kwa siku chache, na hakuna aliyeandika siku ya kuurudisha.

Leo, katika vijiji mlivyorudi na katika nyumba zilizowapokea, mnaombwa tena mchango mdogo: wa mwalimu, wa muuguzi, wa ulinzi. Pengine ni lazima, kwani mwalimu naye ana watoto. Lakini kamati ya wazazi iulize maswali matatu kabla ya kutoa franka ya kwanza: ni kiasi gani, ni mpaka mwezi gani, na mtoto wa mama asiyekuwa na kitu atakaa wapi? Majibu yaandikwe kwenye daftari, na yasomwe mbele ya wote.

Mzee wa sokoni alipoondoka, mama alimpa mteja ndizi zake kwa mkopo. Noti ile ya 500 ilirudi mfukoni.