Ukiita, Nani Anaitika?

Mimi ni mtunzi wa riwaya ambayo haijaisha, na kwa hiyo ni mchapaji. Riwaya hailishi mtu, kuchapa kunalisha kidogo. Mwaka 2019 nilikuwa nakaa nyuma ya kompyuta ya duka moja la steshenari hapa Dar es Salaam, jirani na chuo, nikipiga tasnifu za wanafunzi kwa bei ya ukurasa. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne, na hesabu katika cheti changu ni jambo ambalo tusilizungumze. Lakini macho ya mchapaji yanaona vitu ambavyo macho ya msomi yameshachoka kuviona.

Siku hiyo dada mmoja wa takwimu alinileta viambatisho vyake jioni, huku anahema. Msimamizi alikwisha kumrudisha mara mbili, na kesho yake saa nne asubuhi ilikuwa mwisho wa kukusanya. Nikaanza kuchapa jedwali la wastani wa watu katika kaya, kijiji baada ya kijiji. Kijiji cha kwanza sifuri. Cha pili sifuri. Cha tatu namba ya ajabu yenye mkia: 4.24e-314.

"Dada, samahani, hii e ni kitu gani?"

Akaja kuangalia. Akanyamaza. Halafu akakaa chini, palepale kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa.

Hiyo e, nilikuja kuelewa, inamaanisha kwamba baada ya nukta kuna sifuri 313 kabla hujakutana na tarakimu yoyote. Kaya ya namna hiyo haina hata unywele wa mtu. Dada alikuwa ameandika hesabu zake kwa lugha ya kompyuta inayoitwa R, lakini sehemu moja ya kurudiarudia maelfu ya mara ilikuwa inakwenda polepole mno, ikamaliza usiku na umeme ukakatika kabla ya jibu. Basi sehemu hiyo akaiandika upya kwa lugha nyingine, C, ambayo ina mbio, akaiacha R iite C pale inapohitajika. Jibu likatoka ndani ya dakika moja. Kwa furaha na usingizi hakulitazama, akalibandika tu.

Kosa lilikuwa dogo kama punje. R husoma idadi ya watu kutoka kwenye faili kama namba kamili, na kila namba kamili inachukua baiti nne za kumbukumbu. Kile kipande chake cha C kilikuwa kinategemea namba za desimali, ambazo kila moja inachukua baiti nane. Kwa hiyo C ilichukua watu watano wa kaya ya kwanza na wanne wa kaya ya pili, ikawabana pamoja, ikawasoma kama namba moja. Ilipofika katikati kaya zikaisha, ikaendelea kusoma kumbukumbu isiyokuwa yake hata kidogo.

"Nimemwita kwa lugha asiyoijua," dada alisema, "na hakuniambia kwamba hajanielewa. Kaitika tu."

Neno moja lilikuwa limekosekana, la kubadili namba kamili kuwa desimali kabla ya kuita. Akaliongeza, tukachapa upya mpaka saa sita usiku. Lakini mimi nilikwisha kunasa kwenye kitu kingine. Hivi nani alifikiria kwanza kwamba lugha mbili zikae ndani ya mashine moja ziwe zinaitana? Kwetu mtoto akiitwa huitika abee au naam, na asiposikia vizuri hurudi kuuliza. Huyu anayeitika bila kusikia alitoka wapi?

Nikaanza kutafuta. Nilichokipata ndicho hiki.

Lugha ya Fortran ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, na kikundi kilichokuwa chini ya John Backus. Kabla yake mtu aliyetaka kompyuta imkokotolee jambo ilimbidi aandike karibu na lugha ya chuma chenyewe. Fortran ilimruhusu kuandika fomula ikakaribia kufanana na fomula. Wanasayansi wakaikimbilia, na kwa miaka 20 iliyofuata wakaandika humo karibu kila njia ya kukokotoa waliyoiamini. Mwaka 1979 Jack Dongarra, James Bunch, Cleve Moler na G. W. Stewart walichapisha mwongozo wa mkusanyiko unaoitwa LINPACK, ambao kazi yake ni kutatua milinganyo mingi kwa mpigo bila kuharibu desimali njiani. Usidharau maneno hayo, "bila kuharibu desimali". Mashine inakata tarakimu kila inapozidisha, na mtu asiye mwangalifu anaweza kufanya hesabu sahihi akapata jibu la uongo. Ustadi wa watu wale ulikuwa humo.

Sasa twende Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu kule Murray Hill, New Jersey, Marekani. Wanatakwimu wa pale walikuwa na maktaba yao ya Fortran, nzuri na iliyopimwa. Lakini kuitumia ilikuwa adhabu. Hata kama ulikuwa na vipimo kumi tu na unataka kuona mstari upi unapita karibu zaidi navyo, ilikubidi uandike programu nzima ya Fortran ya kusoma data, kuita maktaba, na kuchapa majibu. Ukibadili wazo, unaanza tena. Na mtu anayechunguza data anabadili wazo kila dakika tano, kama mtunzi na sura yake ya kwanza.

Mwezi wa Mei 1976 watu wachache wakakutana kuzungumzia jambo hilo, miongoni mwao John Chambers na Rick Becker. Chambers aliweka mchoro wa mkono wenye tarehe 5 Mei 1976, na mchoro huo upo hadi leo. Katikati kuna algorithimu, yaani ile kazi ya Fortran iliyokwisha andikwa. Kuizunguka kuna ganda. Mtumiaji anazungumza na ganda kwa lugha fupi ya kibinadamu, ganda linatafsiri, Fortran inafanya kazi, ganda linarudisha jibu. Hawakusema waitupe Fortran waandike kila kitu upya. Walisema wazee wabaki ndani na kazi yao, na mlangoni awekwe mkalimani.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana vijana tunaoandika tuna ugonjwa wa kutaka kuanza dunia upya. Kila mmoja wetu anataka riwaya ambayo haina baba. Wale mabwana walikuwa na akili na umri wa kuanza upya, na walikuwa na mashine. Wakachagua kuita waliotangulia.

Lugha iliyozaliwa wakaiita S. Majina yote yaliyopendekezwa yalikuwa na herufi hiyo ndani yake, na kwa kuwa hawakukubaliana, wakachukua herufi peke yake. Jirani yao katika maabara hiyohiyo, Dennis Ritchie, alikwisha kutengeneza lugha inayoitwa C miaka michache kabla, kwa hiyo jina la herufi moja halikuwa kichekesho pale.

Baadaye C ikawa maarufu mno, na mwaka 1988 S ikatoka ikiwa imeandikwa upya kwa sehemu kubwa ndani ya C. Ndipo mkalimani akawa na wateja wawili. Mtumiaji wa kawaida akaweza kuita kipande cha Fortran au cha C alichokiandika mwenyewe, kwa amri mbili: .Fortran na .C. Nukta hiyo ya mbele siyo kosa langu la uchapaji, ndivyo zinavyoandikwa.

Na hapa ndipo penye utamu wote, kwa sababu lugha hizi mbili hazikulelewa nyumba moja. Chukua jedwali la safu na mistari. Kumbukumbu ya kompyuta haina jedwali, ina foleni moja ndefu tu. Fortran inapanga foleni kwa safuwima: inamaliza safu ya kwanza kutoka juu hadi chini, ndipo ianze ya pili. Mwandishi wa C amezoea safumlalo, kama tunavyosoma kitabu. Ukimpa foleni iliyopangwa kwa desturi ya mwenzake, anasoma umri mahali pa kipato na kipato mahali pa umri, na hakuna kengele inayolia. Fortran inaanza kuhesabu na moja, C inaanza na sifuri. Hata majina yanapishana: kompaila nyingi za Fortran huongeza kistari cha chini mwishoni mwa jina kimyakimya, sasa ukiita kutoka C bila kistari unaambiwa mtu huyo hayupo. Angalau huyo anasema hayupo!

Tena .C haipeleki kitu chenyewe. Inapeleka anwani tu, yaani mahali namba zinapoanzia. Ni kama kumwelekeza mgeni nyumba bila kumwambia atamkuta nani. Anakwenda, anaingia, anachukua anachodhani ni chake. Hilo ndilo lililomkuta dada yangu wa takwimu, miongo mitatu baadaye, katika duka lisilo na feni.

Maana S ilikuwa mali ya kampuni, na ilikuwa inauzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walitaka programu ya kufundishia wanafunzi wao. Wakatengeneza lugha inayofanana sana na S kwa sura ingawa tumbo lake ni jingine, wakaiita R, herufi ya kwanza ya majina yao na utani kwa S. Mwaka 1995 wakakubali kuitoa bure kwa leseni inayomruhusu yeyote kuifungua na kuisoma. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Kwa mtu anayelipwa kwa ukurasa kama mimi, neno "bure" lina uzito wake. Bila hilo dada asingekuwa nayo, nami nisingeweza kufungua ndani yake kutazama.

R ilirithi .C na .Fortran, ikachukua pia amri ya tatu, .Call, ambayo inapeleka kitu kizima pamoja na utambulisho wake: mimi ni namba kamili, niko kumi, jina langu ni hili. Sasa anayepokea anaweza kuuliza kabla ya kushika. Lakini ni lazima aulize mwenyewe, na tena awe anamwambia mfagiaji wa kumbukumbu asikitupe kitu ambacho bado kinatumika. Waandishi wengi walisahau na programu zikafa ghafla. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 Dirk Eddelbuettel na Romain François waliikuza Rcpp, ambayo inaiunganisha R na C++ na kufanya ukaguzi huo kwa niaba yako. Kama dada angeitumia, zile namba kamili zingegeuzwa desimali mlangoni, naye angelala. Mimi nisingekuwa na makala.

Nilichokuwa sikitegemei ni hiki. Amri inayotumika sana na wanafunzi wa R ni lm, ile ya kutafuta mstari unaopita karibu na vipimo. Herufi mbili tu. Nikaifuata ndani kama mtu anayefuata bomba la maji. lm imeandikwa kwa R, inaiita nyingine ya R inayoitwa lm.fit, hiyo inaita C kwa .Call, C nayo inaita kipande kinachoitwa dqrls, cha Fortran, nacho kinaita dqrdc2, Fortran tena. Kumbe chini kabisa, baada ya wakalimani wote, anayeitika bado ni LINPACK! Mchoro wa mwaka 1976 unafanya kazi ndani ya kompyuta ya kila mwanafunzi, naye anadhani anaongea na R.

Miezi miwili baadaye dada alirudi kuchukua nakala zake zilizojaladiwa. Alikuwa amefaulu, ameshukuru wazazi, msimamizi na Mungu katika ukurasa wa shukrani ambao niliuchapa mwenyewe. Nikamfungulia faili la dqrdc2. Humo, juu ya hesabu, waliolirekebisha kwa ajili ya R wameacha jina la aliyeandika kazi ya asili, G. W. Stewart, Chuo Kikuu cha Maryland, na tarehe, 14 Agosti 1978.

Akalisoma jina kwa sauti, mara mbili. Kisha akaniuliza kama ukurasa wa shukrani unaweza kuchapwa upya kwa nakala tano, na itakuwa shilingi ngapi.