Miraba: mbinu ya kale ya kukuza picha

Ushawahi kunakili uso kutoka picha ndogo, ukaukuza, halafu jicho moja likapanda juu ya jingine? Usijali, tatizo hilo ni la zamani.

Wachoraji wa Misri ya kale walilitatua kwa miraba. Walipiga mistari myekundu ukutani, na mtu aliyesimama akapewa miraba 18 kutoka unyayo hadi nywele zinapoanzia. Awe mkubwa au mdogo, uwiano ni uleule.

Mjini Florence, Italia, miaka ya 1420, Masaccio alichora Utatu Mtakatifu katika kanisa la Santa Maria Novella. Usoni mwa Maria, miraba aliyoikwaruza kwenye lipu mbichi inaonekana mpaka leo.

Hesabu ni rahisi: piga miraba ya sentimita 2 kwenye picha ndogo na ya sentimita 10 kwenye kitambaa, kisha hamisha mraba mmoja mmoja. Ila urefu ukizidi mara 5, eneo linazidi mara 25. Nunua rangi za kutosha!

Je, kunakili ni wizi? Mwaka 1504 Michelangelo alianza mchoro mkubwa wa Mapigano ya Cascina. Vijana walimiminika kuunakili ili wajifunze. Baadaye ulikatwa vipande, ukapotea. Mmoja wao, Bastiano da Sangallo, alikuwa na nakala yake ndogo, na mwaka 1542 akaigeuza kuwa picha ya rangi za mafuta. Sehemu ya katikati ya kazi ile tunaijua hasa kupitia kwake.

Kwa hiyo wakikwambia unaiga tu, wewe endelea kupiga miraba.