Josh Gibson: Mdakaji Aliyeshika Rekodi Miaka 77 Baada ya Kufa

Mwezi Mei 2024, Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani iliingiza katika kumbukumbu zake takwimu za Ligi za Weusi, yaani ligi saba za kati ya 1920 na 1948 ambamo wachezaji weusi walicheza kwa kuwa walizuiwa kucheza pamoja na wazungu. Jina lililopanda kileleni mwa orodha ya wapigaji ni la Josh Gibson, mdakaji aliyefariki mwaka 1947 bila kukanyaga uwanja wowote akiwa mchezaji wa timu ya ligi hiyo kuu. Wastani wake wa kupiga, ambao hupatikana kwa kugawanya mapigo yaliyomfikisha mchezaji kituoni kwa zamu zake rasmi za kupiga, ulitangazwa kuwa 0.372, ukaupita ule wa 0.367 wa Ty Cobb uliokuwa umetawala kwa miongo mingi.

Gibson alizaliwa tarehe 21 Desemba 1911 huko Buena Vista, Georgia, na akiwa kijana familia yake ilihamia Pittsburgh, ambako baba yake alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha chuma. Nafasi aliyoichagua uwanjani ni ngumu, kwa maana mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji mechi nzima, hupokea mipira ya kasi kutoka kwa mrushaji na kumwelekeza kwa ishara, hivyo magoti na vidole vyake huchakaa mapema, na ni nadra mtu wa kazi hiyo kuwa pia mpigaji hodari. Alianza kuchezea Homestead Grays mwaka 1930, akahamia Pittsburgh Crawfords alikokuwa pamoja na mrushaji mashuhuri Satchel Paige, akacheza Jamhuri ya Dominika na Mexico, kisha akarejea Grays na kuunda na Buck Leonard jozi ya wapigaji iliyoogopwa.

Ubishi mkubwa umekuwa juu ya hesabu. Wapinzani wa uamuzi wa 2024 walisema kwamba Cobb alipata zamu zaidi ya 11,000 za kupiga, ilhali zamu za Gibson zilizothibitishwa zinazidi 2,000 kwa kiasi kidogo tu, na kwamba wastani wake wa 0.466 wa mwaka 1943, ambao sasa ndio wa juu kuliko wote kwa msimu mmoja, ulitokana na msimu mfupi. Kamati iliyosimamia kazi hiyo chini ya mwanahistoria John Thorn ilijibu kwamba ufupi huo ulizaliwa na ubaguzi wenyewe, kwa sababu timu za weusi zilicheza mechi chache za ligi na kujipatia riziki kwa mechi za kuzunguka mijini, ambazo hazihesabiwi. Jibu hilo lina uzito, kwani kanuni hiyohiyo imempunguzia Gibson mengi: bamba lake katika Jumba la Mashujaa huko Cooperstown linataja karibu homurani 800, yaani mapigo yanayovusha mpira nje ya uzio, lakini zinazotambuliwa rasmi hazifiki 200. Anayedai kwamba Gibson amependelewa anapaswa kwanza kueleza ni nani aliyemnyima msimu mrefu.

Mwaka 1943 aligunduliwa kuwa na uvimbe katika ubongo, akaendelea kucheza hata hivyo, na tarehe 20 Januari 1947 akafariki kwa kiharusi akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers na kuvunja kizuizi cha rangi. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi 1975, ingawa Cooperstown ilikuwa imemwingiza katika Jumba la Mashujaa mwaka 1972.

Mwaka 2020 waandishi wa besiboli waliliondoa katika tuzo ya mchezaji bora wa mwaka jina la Kenesaw Mountain Landis, kamishna ambaye katika utawala wake wote hakuna mchezaji mweusi aliyeingia ligi kuu, na familia ya Gibson imekuwa ikiomba jina la mdakaji huyo lichukue nafasi hiyo. Kwa kuwa ligi imekwisha kukiri kwa takwimu zake yenyewe kwamba hakuna aliyempita kwa kupiga, waandishi hao hawana sababu ya maana ya kulikataa ombi hilo.