Kama Roosevelt angeuawa Miami

Wacha tucheze na historia kidogo. Ni 15 Februari 1933, Miami. Risasi za Giuseppe Zangara zinamuua Roosevelt badala ya Anton Cermak, meya wa Chicago. John Nance Garner anakuwa rais. Je, Wamarekani wangegeukia ukomunisti?

Wengi watasema njaa ingewasukuma huko. Mimi nakataa. Mwaka wa 1932 karibu robo ya wafanyakazi hawakuwa na kazi, na bado mkomunisti William Z. Foster alipata kura kama 103,000 tu.

Naona woga ndio ungezidi. Zangara alikuwa mhamiaji kutoka Italia, na tangu misako ya Palmer ya 1919 na 1920, wahamiaji ndio walibebeshwa lawama za ukomunisti.

Lakini si wote waliogopa. Mwaka wa 1931 kule Alabama, vijana tisa weusi wa Scottsboro walisingiziwa ubakaji, wanane wakahukumiwa kifo. Wakomunisti wakaleta mawakili wa rufaa. Mama zao hawakuuliza Marx alisema nini. Waliangalia ni nani amekuja. Bila Roosevelt, nahofia hata huyo aliyekuja angefungiwa mlango.