Koltani yetu na kelele ndani ya saketi

Bandugu wahitimu, kila anayejitengenezea saketi nyumbani anajua hii shida: programu iko sawa, waya ziko sawa, lakini mota ikianza tu, mikrokontrola inajizima na kuanza upya. Huku Niania tunaita parazite, yaani kelele ya umeme. Dawa yake iko na historia, na historia hiyo ilipita kwetu.

Arduino Uno inapiga mapigo milioni 16 kwa sekunde. Kila pigo linavuta umeme kidogo, kwa ghafla. Njia ikiwa ndefu na nyembamba, volti inashuka. Ndiyo maana tunaweka kondansateri karibu kabisa na chipu, kama mtungi wa maji jikoni: hukimbii mtoni kila ukitaka kikombe. Ile ndogo ya seramiki, nanofaradi 100, inatuliza mishtuko ya haraka. Nyingine kubwa zaidi, mikrofaradi 10 hivi, inasaidia mota inapovuta umeme kwa muda.

Hiyo kubwa inaweza kuwa ya tantalumu. Ile kavu ilibuniwa Bell Labs, Marekani, miaka ya 1950, palepale transista ilipozaliwa mwaka 1947. Na tantalumu inatoka kwenye koltani.

Mwaka 2000 dunia ilitaka simu na kompyuta nyingi, bei ya koltani ikaruka. Sisi tulikuwa vitani. Watu waliacha mashamba, wakachimba hata ndani ya Hifadhi ya Okapi, hapa jirani, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 1996. Wenye bunduki wakapata pesa za kuendeleza vita. Mwaka 2001 bei ikaanguka, mashimo yakabaki.

Leo mimi nachomoa kondansateri hizo kwenye kompyuta mbovu za sokoni. Ukizipata, angalia alama ya chanya: ukigeuza, inaweza kuwaka moto. Mota ipe njia yake ya umeme, na waya hasi iwe pana.

Jiwe linatoka huku likiwa jiwe, linarudi likiwa ndani ya mashine kuukuu. Tuko na wahitimu wa jiolojia, tuko na wa elektroniki. Nani kati yetu anasomea kazi ya katikati, ya kugeuza jiwe kuwa unga safi wa tantalumu?