Uungwana Usio na Nasaba

Neno uungwana lina nyuso mbili katika Kiswahili cha pwani. Muungwana ni mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo unaotajika mjini. Tena ni mtu mpole, mkweli, mwenye kuchunga ulimi na kutimiza ahadi. Katika karne ya 19 nyuso hizo zilitazamwa kama kitu kimoja: tabia njema ilihesabiwa kuwa mali ya waliozaliwa vizuri, na mtumwa, hata akipita bwana wake kwa subira, alibaki mtumwa mwema tu. Dai langu ni kwamba katika kipande cha bara kinachopanda kutoka Jomvu, kikapita Miritini na Mazeras mpaka kilima cha Rabai, Wakristo wa kwanza waliachanisha tabia na nasaba. Na walioifanya kazi hiyo hasa walikuwa watoro (watumwa waliotoroka), mahuru (watumwa waliokombolewa) na walimu Waafrika waliowapokea. Wazungu walioleta Biblia walichangia, lakini mara nyingi walifuata nyuma.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine upande wa bara. Mwaka 1846 yeye na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann wakahamia Rabai. Krapf aliondoka baada ya miaka michache. Rebmann alikaa hadi 1875, miaka 29, akatoka akiwa kipofu, na waongofu wake walikuwa wachache mno. Wanahistoria wengi hukisoma kipindi hiki kama kushindwa. Wamesahau kumtazama vizuri muongofu wa kwanza, Mringe, mtu mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Hapakuwa na faida yoyote ya kidunia kwa misheni katika kumbatiza. Mfano uliowekwa siku ile ulikuwa wazi kuliko hotuba yoyote: aliyeanza kuitwa ndugu ni yule ambaye mji usingemhesabu.

Mfano huo ulipata watu wa kuuishi mwaka 1864, Rabai ilipopokea vijana Waafrika waliolelewa Nashik, India: William Jones, Ishmael Semler na George David. Jones alitekwa utotoni, akaokolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Ukitaka kujua uaminifu ulivyofanywa kuwa kazi ya kila siku, mfuate Jones mwaka 1885. Alikuwa amepewa ushemasi mwaka huo, akaandamana na Askofu James Hannington kwenda Buganda. Askofu alitangulia na watu 50, akauawa Busoga mwezi Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones, aliyeachwa nyuma na msafara uliobaki, angeweza kusema mkataba umekwisha na kila mpagazi ajitafutie njia. Badala yake aliwaongoza watu hao nyikani mpaka Rabai, wakafika Februari 1886 na bendera ya buluu iliyoshonwa neno Ikabodi, utukufu umeondoka. Ni tendo la muungwana kwa kila kipimo cha pwani, isipokuwa kile cha kuzaliwa.

Huko nyumbani jambo zito zaidi lilikuwa likikua kimyakimya. Frere Town ilianzishwa Kisauni mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa na manowari za Uingereza, na kengele yake ndiyo iliyoachia mtaa wa Kengeleni jina lake. Lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali katika milki ya Sultani wa Zanzibar, na aliyemficha mtoro alikuwa anashika mali ya mtu. Wakuu wa misheni walionya mara kwa mara kwamba watoro wasipokewe. Walipokewa tu. Walijenga Rabai, wakalima, wakaoa, wakasali asubuhi na wenzao. Wengine walikuwa kwa Wamethodisti, waliokuwa Ribe tangu 1862 na baadaye Jomvu. Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, Wakristo walifungua kijiji cha watoro bila mmisionari kukaa nao, na kiongozi wao David Koi akauawa kwa ajili hiyo mwaka 1883. Ukarimu wa namna hii si pole ya mdomoni: ulikuwa na gharama, na aliyeilipa aliijua kabla ya kufungua mlango.

Kuna watakaojibu kwamba watoro walifuata ulinzi na chakula, dini ikaja kama kodi ya nyumba. Wengi ndivyo walivyoanza, nakubali. Lakini fadhila hukua kwa mazoea, na swali la haki ni walichofanya baada ya kushiba na kuwa salama: waliendelea kumpokea mtoro aliyefuata, ambaye aliwaletea hatari na hakuwaletea shibe. Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo linasema kwamba misheni ilikuwa ikifundisha utii kwa jina la upole. Ushahidi upo. Chini ya msimamizi J. R. Streeter, watu wa Frere Town walichapwa viboko na kufungwa, mpaka serikali ya Uingereza ikachunguza mwaka 1881. Sioni sababu ya kulipaka rangi jambo hili. Lakini kashfa ile inathibitisha kwamba kipimo cha mwenendo kilikwisha kuwa cha wote: Streeter, Mzungu na msimamizi, alipimwa kwa tabia ileile aliyodai kwa mahuru, na cheo chake hakikumtosha kuitwa mwema.

Muislamu wa Jomvu naye ana haki ya kuuliza kama wema uliletwa na meli. Haukuletwa. Uislamu unamhesabia thawabu kubwa anayemwacha mtumwa huru, na Warabai walimpokea mgeni kabla ya Krapf kutua. Hata yeye aliishi kilimani kwa idhini ya wazee wao. Tofauti iko mahali pamoja. Kumwacha mtumwa huru kulikuwa hisani ya bwana, na aliyeachwa alibaki na deni la shukrani. Mtoro wa Rabai hakuachwa na mtu; alijitoa, na waliomkaribisha walimtaka adhihirishe tabia yake bila kumdai hati ya bwana.

Hati zilikuja baadaye. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aligawa vyeti vya uhuru baada ya wenye watumwa kulipwa fidia. Watoro waliokombolewa katika misheni zote walizidi 1,400. Fidia ile inaniumiza, maana ilikiri kwamba mtu ana bei. Iliwaziba wenye mali midomo kwa wale waliokuwa wameorodheshwa, basi. Aliyetoroka wiki iliyofuata hakuwa na cheti, na sheria ya kufuta utumwa pwani ilipitishwa mwaka 1907. Kwa miaka 18 kati ya tarehe hizo mbili, kila aliyebisha hodi usiku katika njia hii ya Jomvu na Rabai alimpa mwenye nyumba swali lilelile la zamani, na jibu halikuwa kwenye karatasi yoyote.